Sura na Ukoo Milimani Upare

Ukikaa Same mjini, penye joto na vumbi la tambarare, huku milima ya Upare ya Kusini imesimama mbele yako, hukawii kuulizwa swali ambalo kwetu ni kama sehemu ya salamu: "Wewe ni wa ukoo gani?" Ukitaja ukoo wako, mzee atakutazama usoni kana kwamba anasoma barua. Kisha atasema, "Naam, pua hiyo ni ya Mbaga," au, "Macho haya umeyatoa kwa wajomba zako wa Chome." Lakini mara nyingine atatikisa kichwa na kusema, "Sura hii si ya hapa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuyatafakari. Yanasemwa kwa wepesi, hata kwa utani, lakini yamewahi kuvunja posa, kumnyima mtu kiti katika kikao cha ukoo, na kumfanya mtoto ajione mgeni katika nyumba aliyozaliwa. Ni haki basi tuulize: hiyo sura ya hapa ni ipi?

Sisi twajiita Vaasu, na lugha yetu ni Chasu, ingawa nchi nzima inatujua kwa jina la Wapare. Ukiwasikiliza wazee wakisimulia, ni nadra kumpata anayesema kwamba ukoo wake ulichipuka katika milima hii. Koo nyingi husema zilitoka Taita, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Nyingine hutaja Uchaga, nyingine Usambaa. Lugha nayo yatoa ushahidi wake: Chasu kina undugu wa karibu na Kitaveta, na kule Upare ya Kaskazini Kigweno ni jamaa wa Kichaga. Huko Ugweno, Washana, ambao ni wafua chuma, ndio waliotawala kwanza, kisha Wasuya wakawapokonya madaraka. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alikusanya masimulizi ya koo hizi na kuyatolea kitabu mwaka 1969. Anayekisoma huona wazi kwamba milima hii ilijazwa na watu wa makundi mengi waliofika kwa nyakati mbalimbali, kila kundi na sababu yake. Waliotangulia nao walikuwa wageni wa jana.

Wanaonyoshewa kidole zaidi kuliko wote ni Wambugu, ambao wenyewe hujiita Vamaa. Masimulizi yao husema walipita Upare na mifugo yao kabla ya wengi wao kufika Usambara. Wana lugha iliyowashangaza wataalamu wa dunia nzima: sarufi yake ni ya Kibantu, karibu sana na Chasu, lakini maneno yake mengi ni ya asili ya Kikushi, yenye sauti ambazo Mpare hawezi kuzitamka bila mazoezi. Kwa sababu hiyo watu husema, "Tazama, wale ni wa damu nyingine, hata pua zao zaonyesha." Hapo ndipo fikra inapoteleza. Maneno ya kale yanaweza kuhifadhiwa na watu ambao kwa vizazi vingi wameoa na kuolewa na majirani zao. Lugha hupita njia yake, na damu yake.

Mazoea ya kumpima mtu kwa pua hatukuyaanzisha peke yetu. Wakati wa Wajerumani na Waingereza walikuja wataalamu waliopima vichwa na pua, wakaandika kwamba Waafrika wenye pua nyembamba walikuwa na damu ya Kihamiti, na kwamba hao ndio walioleta kila jambo la maana. Mwingereza Seligman alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1930. Kabla ya hapo mafuvu ya watu wetu yalikuwa yamekwisha kupelekwa Ujerumani. Watafiti wa Berlin waliochunguza mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki waliona kwamba 202 yalitoka Tanzania. Upare ya Kaskazini fuvu la babu lilitunzwa na ukoo kwa heshima, kwani lilikuwa la mtu mwenye jina. Huko ng'ambo lilipewa namba.

Elimu ya leo imeuangusha ujenzi ule. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya mifupa ya mtu aliyeishi Luxmanda, mkoani Manyara, miaka ipatayo 3,100 iliyopita. Zaidi ya theluthi moja ya asili yake ililingana na ya watu wa kale wa Mashariki ya Kati, waliochanganyika na Waafrika zamani za kale. Mwaka huohuo watafiti wa rangi ya ngozi, waliopima watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, walionyesha kwamba chembe nyingi za urithi zinazoleta weupe na zinazoleta weusi ni za kale mno, na zote zilikuwamo Afrika. Kwa hiyo mtoto akizaliwa maji ya kunde katika kijiji cha Suji, hakuna haja ya kumtafutia Mwarabu wa misafara wala kumtilia shaka mama yake.

Tena kuna hesabu nyepesi ambayo haihitaji maabara. Kila mtu ana wazazi wawili, babu na bibi wanne, na juu yao wanane. Ukifika kizazi cha kumi, ambacho ni kama miaka 300 nyuma, nafasi za wahenga wako ni 1,024. Jina la ukoo, ambalo kwetu hufuata baba, humfuata mmoja tu kati ya hao. Na kwa kuwa desturi ilikataza kuoa ndani ya ukoo, kila kizazi kilileta mama kutoka ukoo mwingine. Anayesema "damu yetu ni moja" anawasahau mama zake wote.

Jambo hili liligusa nyumba yetu mwaka 1994, mdogo wangu alipotaka kuoa binti ambaye babu zake walisemwa kuwa Wambugu. Kikao kilikuwa kizito. Baba mkubwa, mzee tuliyemheshimu sana, alisema, "Wanangu, simkatai binti. Lakini tazameni sura, tazameni nywele. Hatuwajui watu wake."

Nilipopewa nafasi nikasema, "Baba mkubwa, kwa heshima yako na ya wazee wote, naomba kuuliza. Bibi yetu, mama yako mzazi, alikuwa wa ukoo gani?"

Pakawa kimya. Kila mmoja alijua. Bibi aliletwa mlimani akiwa mtoto, katika njaa kubwa ya mwaka 1898 hadi 1900. Baba yake alipanda kutoka nyikani akamwacha kwa kapu la mahindi, akaahidi kurudi, asirudi. Bibi alilelewa, akaolewa, akazaa wana sita. Ukoo wake haukujulikana hadi anakufa. Alikuwa na mwanya mpana na vidole virefu, na mle kikaoni waliokuwa na mwanya ule tulikuwa watano, baba mkubwa akiwa wa kwanza.

Baada ya muda mrefu mzee alisema, "Mama alikuwa mtu wa hapa." Kisha akaagiza watu waende kupeleka posa.

Nimeyafikiri sana maneno yale matano, na naona yana hekima kuliko vitabu vya wapimaji. Bibi alikuwa mtu wa hapa kwa sababu alibeba mawe ya ndiva siku za msaragambo, akakaa zamu za maji ya mfongo usiku, akapika makande ya waombolezaji, na akazikwa katika ardhi aliyoilima. Hakuna aliyeangalia pua yake wakati ukingo wa ndiva ulipobomoka.

Sisemi tuache kutaja koo zetu. Ukoo hutufundisha adabu, hutuonyesha wa kumwita mjomba na wa kumwita shangazi, na hutukumbusha makaburi. Tuzitaje, na watoto wazijue. Ila tutakapomwona kijana mwenye sura tusiyoizoea, tumwulize kwao ni wapi kama tunavyowauliza wote, tumsikilize mpaka amalize, kisha tumwonyeshe zamu yake ya maji.