Maktaba Ndani ya Bahasha

Mwaka 2012 nilikuwa naandika programu za kutunza hesabu za maghala, katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Mashine zetu zilikuwa na Ubuntu 12.04, seva za mikoani zilikuwa na CentOS 6, na intaneti ya huko ilikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo programu ilisafiri kwenye flashi, ndani ya bahasha, kwa basi.

Mara ikifika, fundi wa huko anapiga simu. "Kaka, inadai GLIBC_2.14. Nikainunue wapi?"

Haikuuzwa popote. Glibc ndiyo maktaba ya msingi ambayo programu nyingi za Linux huazima humo kazi za kila siku. Sisi tulikuwa na toleo la 2.15, wao 2.12. Katikati hapo, kwenye 2.14, memcpy, kazi ndogo ya kuhamisha baiti, ilipewa alama mpya ya toleo. Kiunganishi kinapojenga programu huchukua alama mpya kinayoikuta kwenye mashine ya kujengea. Programu yetu haikuhitaji kitu chochote kipya, lakini ilikwama mlangoni kwa ajili ya alama hiyo moja.

Nikasema basi, kila maktaba ifungwe ndani ya programu yenyewe, kama msafiri anayebeba hadi sufuria lake. Faili ilinenepa, lakini flashi haikujali. Glibc ndiyo iliyoleta ubishi. Hata ukiifunga ndani, ikifika kazi ya kutafuta majina ya seva bado huziita maktaba za mashine mwenyeji, na huzitaka za toleo lilelile. Kiunganishi chenyewe hulionya jambo hili, ila wengi hulipita onyo wakiona faili imetoka. Tukaiacha glibc ya pamoja, ile iliyo kwenye seva yenyewe, tukajengea kwenye CentOS 6; maktaba nyingine zote zikaingia ndani. Simu za mafundi zikapungua, nikawa mhubiri wa njia hiyo.

Tarehe 7 Aprili 2014 ikatangazwa Heartbleed, tundu la OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, kuanzia toleo la 1.0.1 hadi 1.0.1f. Liliruhusu mtu kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, hata vya programu inayoiita seva. Waliotegemea maktaba ya pamoja waliisasisha mara moja, wakawasha upya huduma zao. (Kuwasha upya si hiari: huduma inayoendelea huishikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu, hata kama faili yake imeshafutwa.) OpenSSL yetu ilikuwa ndani ya programu, kwa hiyo mafundi wa mikoani wangeweza kusasisha seva zao usiku kucha na tundu lisizibike. Tulijenga programu zote upya. Bahasha zikarudi stendi.

Tangu hapo OpenSSL ilitoka nje, ikawa kazi ya mwenye seva. SQLite, maktaba ya hifadhidata, ilibaki ndani, maana hiyo ilizungumza na faili zetu wenyewe tu. Nikaamuru pia kila programu iweze kutaja matoleo ya maktaba ilizomeza, ili fundi aulizwe kwa simu naye asome kwenye skrini. Vijana niliowakabidhi kazi wanaandika kwa lugha ya Go, ambayo kwa kawaida hufunga karibu kila kitu ndani, wala hawajawahi kuisikia memcpy ikiizuia programu mlangoni. Amri ya kutaja matoleo wameiacha ilivyo.