Alimpeleka Mama Malta Kula Bata, Mama Akanunua Samaki

Kuna dada mmoja yuko Hamburg, mzaliwa wa Tanga, anafuatwa na watu kibao mtandaoni kwa zile video zake za kula bata Ulaya. Mwisho wa Septemba aliposti picha moja tu: mwanamke mzima kavaa kanga, kainama juu ya mawe meupe kando ya bahari. Watu wakauliza ni wapi hapo, hoteli gani, bei gani. Kimya. Basi stori yenyewe ndiyo hii, na kama unaipigia hesabu Malta, soma hadi mwisho.

Mama yake alikuja Ujerumani kumtembelea. Viza ya Schengen ukishaipata inakufikisha na Malta, dada akaona hii ndiyo nafasi. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Katikati ya hiyo miaka baba alifariki, kipindi ambacho kibali cha dada cha kuishi kilikuwa kinashughulikiwa, akaambiwa akitoka huenda asiruhusiwe kurudi. Mazishi aliyaangalia kwenye simu, kakaa kwenye ngazi za kazini, na mtandao ukakata watu wakiwa ndiyo wanafika makaburini. Tangu mama ashuke kwenye ndege hakuna aliyeligusa hilo. Dada akaamua atamfurahisha tu: siku saba, hoteli ya nyota nne St Julian's, bwawa la kuogelea juu ya paa.

Hapo ndipo alipokosea. St Julian's ni pazuri kama uko na washkaji na lengo ni kukesha, maana klabu zote zimejazana mtaa wa Paceville. Ukiwa na mtu anayeamka kuswali alfajiri, muziki unazima ndiyo kwanza yeye anatafuta udhu. Mama hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, hawa watu kesho hawana kazi?"

Asubuhi, mezani, soseji za nguruwe na mayai yako sahani moja na koleo moja. Mama akala mkate na chai. Siku ya pili mkate na chai. Dada anapiga picha za bwawa, mama kakaa kwenye kiti cha jua na mtandio wake, anasubiri mwanawe amalize.

Vichekesho navyo havikukosekana. Malta ilitawaliwa na Waingereza hadi 1964, kwa hiyo magari yanapita kushoto na soketi ni zile zile za pini tatu. Dada na chaja yake ya Ujerumani akawa anahangaika kutafuta adapta, mama kachomeka ya Tanga na anachaji kama yuko Ngamiani. Halafu mlangoni kwa hoteli kuna kibao kimeandikwa "Merħba", yaani karibu. Mama kakisoma, kageuka: "Marahaba? Nani kakiamkia?"

Na hilo si la kubahatisha. Kimalta ni mtoto wa Kiarabu, kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na kujazwa Kitaliano. Kitabu kwao ni "ktieb", sita ni "sitta", Ijumaa ni "il-Ġimgħa". Mswahili mwenye sikio zuri haibiwi kirahisi kule.

Siku ya tatu walifanya yale ambayo kila mtu anafanya. Kivuko kutoka Sliema kwenda Valletta, safari ya dakika chache, na mji unauona vizuri zaidi ukiwa majini. (Ukitaka kukaa upande wa mjini bila makelele ya klabu, Sliema ndiyo pa kulala, si St Julian's.) Mchana wakaenda Rabat, karibu na mji wa kale wa Mdina, kula pastizzi. Ni kama sambusa iliyochambuka, ndani ina jibini laini au njegere za kusaga, na ni chakula cha bei ndogo kuliko chochote utakachokutana nacho kisiwani. Ila kama hauli nguruwe uliza kwanza, maana unga wa asili wengine wanaukandia mafuta yake. Mama aliuliza, jibu likawa la kusuasua, akarudisha. Sungura, ambaye ndiye fahari yao, hupikwa kwa mvinyo. Naye akapita. Kilichomkubali ni ħobż biż-żejt: mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, juu jodari. Alikula miwili. Dada kidogo alie kwa furaha, kwa mkate.

Jumapili wakashuka Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi upande wa kusini-mashariki, siku ambayo soko la samaki linajaa. Mashua zao, luzzu, zimepakwa manjano, nyekundu na buluu na kuchorwa macho mbele. Dada akaanza kutafuta kona ya picha. Aligeuka, mama hayupo.

Yuko mezani kwa samaki, kashika mkia. "Huyu si faulusi huyu!" Kweli, ndiye. Wamalta wanamwita lampuki na kuanzia mwisho wa kiangazi ndiyo msimu wake. Muuzaji akamgeukia mwenzake akataja bei: "ħamsa u għoxrin". Mama kasoma chuo zamani, hamsa wa ishirini anaijua. Akanyoosha kidole: "La. Ishirini." Mzee wa watu akabaki kacheka, akafunga samaki na barafu.

"Mama, utapikia wapi? Tuko hotelini."

"Samaki keshanunuliwa."

Dada akakaa kwenye benchi na simu. Siku nne zilizobaki hoteli haikurudisha hata senti, na hiyo iwe fundisho kwa wanaopenda kubofya ile bei nafuu isiyorudishwa. Lakini Septemba ikiisha nafasi hupatikana, akapata nyumba ya shamba ya mawe Xagħra, kisiwa cha Gozo, ina jiko na sehemu ya kuchomea uani. Wakabeba mabegi na samaki wao kwenye mabasi hadi Ċirkewwa, kisha kivuko cha dakika kama 25. Kwenda Gozo haulipi, nauli inakatwa ukirudi.

Kama unasafiri na wazazi au watoto, nenda Gozo moja kwa moja. Kimya, nyumba zina majiko, ufukwe wa Ramla una mchanga mwekundu. Lile tao la mawe maarufu msilifuate tena kwa picha za zamani, lilianguka baharini Machi 2017.

Mama alikuwa na tui la unga kwenye begi, na pilipili. Nani anasafiri kutoka Tanga bila tui? Akapaka, akachoma, dada anapepea kwa sahani ya plastiki. Walipokaa kula mama akasema, "Baba yako angesema limau haijakolea."

Ndivyo lilivyoanza. Dada akauliza nani alimwosha. Mama akataja, mmoja mmoja. Akaeleza kaburi liko upande gani wa mwembe, mvua ilivyowasubiri wamalize, na kwamba siku za mwisho mzee alikuwa anaomba awekewe video zake dada, hata zile za nywele. "Hakukuwekea kinyongo. Mimi ndiye niliyekuwa nacho kidogo," mama akasema. "Kimeisha." Samaki akapoa. Wakampasha moto saa tano usiku.

Kesho yake walitembea hadi mashamba ya chumvi ya Xwejni, karibu na Marsalforn, vidimbwi vilivyochongwa kwenye mwamba ambavyo familia bado zinavuna. Mama akainama kuonja. Ndiyo picha hiyo mliyoiona.

Kwenye kivuko cha kurudi dada alikuwa anaangalia tiketi za Dar za Desemba. Mama kapakata mfuko wa chumvi, anauliza kama begi la mkononi linapimwa.