Siku Moja Juu ya Ziwa Nyasa

Sisi watu wa Ngana, katika wilaya ya Kyela, twakaa karibu na mto Songwe, ulio mpaka baina ya Tanzania na Malawi. Ziwa Nyasa twalijua kwa samaki wake na kwa mchele wa mabonde yake, lakini wengi wetu hatujapata kulisafiri. Basi tulinuia, rafiki wanne, kwenda kwa meli mpaka Liuli: maalim wa madrasa, mfanyabiashara wa mchele, mwandishi wa khabari hizi, na kijana mmoja wa Kinyakyusa aliyesilimu hivi karibuni.

Baada ya sala ya Alfajiri tulishuka bandarini, tukapanda meli ya Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021 nayo huchukua abiria 200 na mizigo tani 200. Maalim alitusomesha dua ya kupanda chombo, ile aliyoisema Nabii Nuh, alayhi salaam, kama ilivyo katika Surat Hud. Meli ikang'oa nanga.

Kituo cha kwanza kilikuwa Matema. Hapo milima ya Livingstone yashuka ghafula mpaka majini, na vilele vyake vyapita mita 2,000 juu ya bahari. Ndipo walipopanda akina mama wa Kikisi na vyungu vyao, kwani Wakisi wa mwambao huu ni mabingwa wa ufinyanzi tangu zama za mababu, na kazi hiyo ni ya wanawake. Mama mmoja mzee alipanga vyungu vyake sitahani, akavizungushia majani makavu, akaketi kando yake kama mlezi kando ya watoto.

Tulipoondoka Matema, yule kijana alikuwa akitazama ng'ambo ya magharibi, ilipo nchi ya Karonga. Akasema, "Maalim, nina neno laniuma. Bibi yangu alinionya nisisilimu. Alisema watu wa dini hii ndio waliowauza babu zetu. Je, ni kweli?"

Tulinyamaza sote. Ingalikuwa rahisi kumwambia kwamba hayo ni maneno ya wapinzani wetu, lakini maalim hakusema hivyo. Alisema, "Ni kweli, mwanangu, na haifai kufichwa." Akamweleza khabari za Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyejenga boma karibu na Karonga, akinunua pembe na watu. Mwezi wa Oktoba 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, walio ndugu wa Wanyakyusa, wakawaua wengi penye maji ya Kambwe. Vita vikaendelea hata mwaka 1889, na mwaka 1895 Waingereza waliliteka boma lile, Mlozi akanyongwa.

"Mtu huyo alikuwa akijiita Mwislamu," akasema maalim. "Lakini Kurani, katika Surat Nnisaa, yatuamrisha tusimame na uadilifu hata kama ushahidi ni juu ya nafsi zetu. Na dini hii imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ni ibada na kafara ya dhambi. Basi mpime Mlozi kwa dini, usiipime dini kwa Mlozi. Na ukirudi nyumbani usibishane na bibi yako. Mwambie amesema kweli, kisha mtumikie."

Kijana hakujibu neno.

Wakati wa Adhuhuri ulipoingia, tulitafuta pahali pa kusali, tusipate, kwani sitaha ilijaa magunia. Yule mama mfinyanzi, ambaye si wa dini yetu, akatuona tunahangaika. Akasogeza vyungu vyake kimoja kimoja mpaka ikapatikana nafasi ya safu moja. Tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili, kwani safari yetu ilizidi masafa waliyoyataja wanavyuoni. Meli ilielekea kusini, nasi kibla chetu ki kaskazini, kimeinamia mashariki kidogo. Kwa hiyo tulisali tumeelekea tezi, huku chombo chatupeleka kwengine.

Tulipopita Lupingu, upepo wa Mwera ukavuma kutoka kusini. Wasiolijua ziwa hili hudhani ni dimbwi tu, na kumbe ni refu kupita kilomita 500, na kina chake chafika mita 700 hivi. Mawimbi yakapanda, meli ikayumba, vyungu vikaanza kugongana. Yule kijana, kabla hatujaamka sisi, alikuwa amekwisha piga magoti. Alivua koti lake akalitia baina ya vyungu, akavikumbatia kwa mikono miwili, nasi tukamfuata. Tulikaa hivyo muda mrefu, tumelowa maji. Upepo ulipotulia vilikuwa vimevunjika viwili tu. Mama akamwambia kijana kwa Kiswahili cha taratibu, "Ahsante, mjukuu wangu." Hapo tuliona machozi machoni mwake.

Manda, penye kinywa cha mto Ruhuhu, tulifika wakati wa Magharibi. Mama akashuka na vyungu vyake, akamwachia kijana kimoja kidogo. Liuli tukaiona usiku, mwezi umepanda, na lile jabali lake ambalo Wajerumani walilifananisha na Sphinx wa Misri, wakapaita Sphinxhafen. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Guendolen iliipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Manahodha wake walijuana wakati wa amani, na yule Mjerumani hakuwa na khabari kwamba vita vimeanza.

Ndugu zetu, na hasa vijana, ziwa hili limebeba watumwa, na mizinga, na vyungu. Aliyotenda Mlozi hatuwezi kuyafuta, na kuyaficha ni dhambi ya pili. Lililo mikononi mwetu ni namna tutakavyokaa na jirani leo. Wahenga walisema: waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nasi tulirejea Ngana salama, alhamdulillahi. Kijana alikwenda kwanza kwa bibi yake, kabla ya kwenda kwake, na kile chungu mkononi.