Kistari Kimoja, Miaka Mia Nne



Kila ninaposahihisha insha zenu, nawahimiza kuchunga nukta, koma na vistari. Wengine hununa, wakidhani mwalimu anachungulia vitu vidogo tu. Leo nawaletea mfano kutoka Wisconsin, jimbo lililo kaskazini mwa Marekani.

Gavana Tony Evers, aliyechaguliwa mwaka 2018, ni mwalimu mwenzangu. Alifundisha sayansi, akawa mwalimu mkuu, kisha akasimamia elimu ya jimbo zima. Msimamo wake haukufichika: shule za umma ziongezewe fedha. Bunge la jimbo, lenye wabunge wengi wa chama cha Republican, halikutaka kwenda mbali kiasi hicho.

Mwaka 2023 lilipitisha bajeti iliyoruhusu wilaya za elimu kuongeza mapato kwa dola 325 kwa kila mwanafunzi kila mwaka, kwa miaka 2 tu, hadi mwaka wa masomo wa 2024-25. Katiba ya Wisconsin humpa gavana uwezo wa kufuta sehemu za mswada wa matumizi na kutia saini sehemu inayosalia. Evers akafuta tarakimu 20 na kistari. Ikabaki 2425. Nyongeza ya miaka 2 ikawa ya miaka zaidi ya 400!

Katiba ilikuwa imekwisha kumkataza gavana kufuta herufi ili kuunda neno jipya, lakini haikutaja tarakimu. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya jimbo. Aprili 2025, majaji 4 dhidi ya 3 waliamua kwamba gavana hakuvuka mamlaka yake.

Nakiri kwamba niliposoma habari hii nilishangilia. Niliposoma mara ya pili, furaha ilipungua. Sheria haikusema wilaya zitapewa fedha. Ilisema zinaruhusiwa kuziongeza. Gavana aliinua dari, hakujaza ghala. Serikali ya jimbo isipotoa ruzuku ya kutosha, wilaya hugeukia kodi ya nyumba na ardhi. Hapo mzee mwenye nyumba yake na kipato kidogo hubeba mzigo ambao hakuupigia kura. Hata hivyo, dari lisipoinuliwa huku bei zikipanda, shule hulazimika kupunguza walimu, na mtoto ndiye anayeumia.

Mimi bado namuunga mkono gavana katika nia yake, ila njia aliyoitumia inanitia wasiwasi. Uamuzi wa karne 4 ulistahili kujadiliwa na wananchi wazi, badala ya kutoka katika ncha ya kalamu ya mtu mmoja, hata akiwa mwalimu.

Basi, mkisikia kiongozi yeyote akisema shule zimeongezewa fedha, tafuteni kitenzi kwanza: zimepewa au zimeruhusiwa? Kisha ulizeni nani atakayelipa. Hiyo nayo ni sarufi, na ni sarufi ya uraia.