Shada la Msusi wa Viondo

Wahenga walinena kwamba heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Matinyani, Kitui Magharibi, methali hiyo ilikuwa ya kuwafunza watoto maana na matumizi yake tu, mpaka Jumatano moja ya mwezi wa Septemba, siku mbili kabla ya kumzika mama yake.

Marehemu alikuwa msusi wa viondo. Kikundi chake kilikuwa kimebakiwa na wanawake kumi na mmoja, wote wazee. Fedha zilizokuwamo katika kisanduku chao zilikwisha kwenye sukari, mahindi na maharagwe ya waombolezaji. Ila ratiba ya mazishi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, nayo ilionyesha kwamba baada ya watoto na wajukuu, kikundi kingeitwa kuweka shada la maua juu ya kaburi. Kuitwa mbele ya umma ukiwa mikono mitupu ni aibu ambayo mtu haisahau. Basi wakamwendea mwalimu. "Mwanangu," akasema mkubwa wao, "wewe umesoma na umeyaona mashada ya mjini. Tufungie moja."

Dada yake wa Nairobi alikuwa amekwisha kupiga simu kusema kwamba angekuja na shada la kununua kwa niaba ya watoto wote, hivyo mdogo wake asijisumbue. Lakini shada la watoto si shada la wasusi. Mwalimu akaketi, akaandika vifaa vinavyohitajika: pete ya waya, sifongo ya kijani ya kuchomekea maua, waya mwembamba, koleo, mkasi, waridi, majani mabichi, na utepe wenye maandishi. Nusu ya vitu hivyo havikupatikana sokoni Matinyani. Vilivyopatikana Kitui mjini vilizidi uwezo wake, kwa kuwa mshahara ulikuwa umekwisha kumezwa na jeneza. Akairejesha karatasi kwa mzee yule na kusema, "Mwaitu, hatuna vifaa."

Mzee hakujua kusoma. Akaomba asomewe. Kila kifaa kilipotajwa aliuliza swali lile lile: "Hicho kazi yake ni nini?"

Swali hilo ni jepesi kulitamka, lakini ndilo linalopaswa kutangulia orodha yoyote ya vifaa. Kazi ya pete ni kushika umbo. Basi zikakatwa fito mbichi za mkole, tatu, zikasokotwa pamoja na kukunjwa mviringo, miisho yake ikapishanishwa na kufungwa. Mwalimu alitaka pete ndogo ili maua yatoshe. Mzee akamkataza: majani yakishafungwa hujaza tundu la katikati, na shada lisilo na tundu huonekana kama mkate. Pete ikafanywa yenye upana wa dhiraa moja hivi.

Kazi ya sifongo ni kuhifadhi maji na kutoa unene. Nyasi kavu zikafungwa kuizunguka pete, kisha zikazungushiwa vipande vya gunia kuukuu vilivyoloweshwa. Kazi ya koleo ni kukata waya, na pasipo waya koleo halihitajiki. Mkasi wa nyumbani, kisu na sindano ya gunia vilitosha. Majani yalitoka kwenye mwembe wa uani. Maua yalitoka kwenye boganvilia ya ua wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Ua hilo hustahimili kiangazi, na sehemu yake yenye rangi si petali bali ni majani membamba kama karatasi, ambayo hubaki na rangi hata yakikauka. Mnyaa, unaozunguka maboma mengi ya Ukambani, haukuguswa, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni huleta madhara makubwa.

Kitu pekee kilichokosa badala kilikuwa maji. Septemba huko Matinyani ni mwisho wa kiangazi. Mvua ya kutumainiwa ni ile ya Novemba. Maji huchimbuliwa katika mchanga wa mito iliyokauka na kubebwa na punda. Maua hukatwa alfajiri kabla ya jua kali, na mashina yake hutumbukizwa katika maji papo hapo, ama sivyo hunyauka kabla ya adhuhuri. Wale wanawake wakakubaliana kuchanga mtungi mmoja wa lita 20, kila mmoja akimimina kiasi chake. Ni vema ikumbukwe kwamba katika orodha ya mjini maji hayakuwa yameandikwa kabisa.

Ikabaki kamba ya kufungia. Mzee akanyoosha mkono kuelekea pembe ya nyumba, palipokuwa na kiondo ambacho marehemu alikiacha kikiwa nusu. Ndani yake mlikuwa na donge la uzi wa katani, alioupara, akauosha, akauanika na kuusokota mwenyewe juu ya paja lake. Mwalimu akasita. Kiondo kile kilikuwa kimeagizwa; fedha zake zilikuwa za karo ya mjukuu. Isitoshe, uzi ule ukitumika, kiondo kisingekamilika kwa mkono wa aliyekianza. "Waacheni uzi wa mama," alisema. Mzee hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba uzi uliosokotwa haukusokotwa ukae. Walingoja mpaka mwalimu mwenyewe akaenda akautwaa.

Kuna watakaosema kwamba shada ni desturi ngeni. Ni kweli kwamba desturi ya kuliweka juu ya kaburi ilikuja na makanisa, na kwamba Wayunani wa kale waliwavisha washindi wa Olimpia taji la matawi ya mzeituni. Lakini katani nayo ni ngeni: mkonge ulitoka Amerika, na mnamo mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika. Kabla yake, wasusi wa Ukambani walitumia nyuzi za maganda ya miti, ukiwemo mbuyu. Boganvilia nayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Kitu hakiwi chetu kwa kuzaliwa hapa, bali kwa kazi ambayo mikono yetu imekifanyia. Ndivyo alivyo mwanamke wa Lamu au Mombasa atungaye koja la asumini kwa sindano na uzi: haulizwi asumini ilitoka wapi.

Alhamisi jioni wakafunga. Kila konzi ya majani na maua iliwekwa ikifunika mashina ya konzi iliyotangulia, zote zikielekea upande mmoja, na uzi ukazungushwa bila kukatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ndipo mwalimu alipotambua kwamba kazi ile ni usukaji uleule. Katika kiondo na katika shada, kinachoonekana ni rangi, lakini kinachoshika ni kile kisichoonekana. Mahali pa utepe, kila mwanamke alifunga nyuzi chache za rangi yake kutoka kiondo chake. Hapakuwa na neno lililoandikwa, ila yeyote aliyewahi kununua kiondo kwao angeujua mkono wa kila mmoja.

Ijumaa mashada mawili yaliwekwa kaburini. La Nairobi lilikuwa la waridi za plastiki, zuri, limefunikwa kwa karatasi ya nailoni. Dada mtu alilitazama lile jingine, akaligeuza nyuma, akauona uzi. Aliutambua. Akalirudisha polepole bila kusema neno, kisha akamshika mdogo wake mkono.

Novemba mvua iliponyesha, waridi zilikuwa bado nyekundu. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuyala majani ya mwembe, na boganvilia imegeuka rangi ya udongo. Pete ilikuwa ingali imefungwa vilevile.

Lakini karo ya Januari haikusubiri, na aliyeagiza kiondo aliuliza habari zake mara mbili. Mwalimu akakata majani ya mkonge, akayapara, akayaosha, akaanika nyuzi. Siku ya kwanza ya kusokota, paja lake lilichubuka na uzi ukatoka mnene huku na mwembamba kule. Mzee aliupitisha baina ya vidole vyake, akacheka, akaufumua wote na kumrudishia. "Haya, mwanangu," akasema, "anza tena." Kiondo kilikamilika mwezi wa Februari, karo ikiwa imelipwa kwa mkopo. Anayekitazama kwa makini huona mahali uzi wa mama ulipoishia na wa binti ulipoanzia.