Nyumba Ina Magurudumu, Anwani Haina

Shangazi,

Hatujafukuzwa nyumba. Naanza na hilo kwa sababu najua habari imefika Tanga ikiwa imeshavimba: eti mtoto wenu analala garini Marekani. Kulala tunalala garini kweli, ila gari lenyewe lina kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu la kusimama, na tumelinunua kwa hiari yetu. Wapo waliosukumwa humo na kodi za nyumba. Jessica Bruder aliandika habari za wazee wa namna hiyo katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikatwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Kambini tunapakana nao, na kwa kuwatazama tu huwezi kuwatofautisha na wastaafu wenye pesa zao.

Chanzo cha sisi kuhamia garini ni kazi ya mkweo. Yeye ni nesi wa mikataba: hospitali ikipungukiwa na wauguzi humchukua, mara nyingi kwa wiki 13, kisha kwaheri. Mimi kalamu yangu haichagui mji. Tukaona heri nyumba imfuate.

Tuliondoka Minnesota kabla maji hayajaanza kuganda mabombani, mkataba wa Arizona mkononi. Mipango si matumizi, Shangazi. Tukiwa njiani hospitali ikaufuta. Tukakata shauri kwenda Quartzsite, mji mdogo wa jangwani ambako wenye magari kama letu hukimbilia baridi ikiingia. Kwenye ardhi nyingi za serikali kuu huko magharibi unaruhusiwa kupiga kambi siku 14, kisha usogee. Quartzsite yapo maeneo unayolipia kibali ukakaa msimu mzima, 15 Septemba hadi 15 Aprili. Umeme ni wako mwenyewe, wa sola. Tukatulia hapo hadi wakala anayemtafutia mkweo mikataba alipopata hospitali nyingine.

Watu wanadhani maisha haya ni kwenda popote roho ipendapo. Mimi nakataa. Anayeweza kugeuza safari ni mwenye akiba: mafuta yasishuke chini ya nusu tangi, mtungi wa pili wa gesi uwe umejaa, na hela ya gesti iwepo endapo gari litalala gereji. Asiye na hivyo huenda anakosukumwa. Na hata mwenye navyo, upepo mkali ukivuma barabarani, gari refu lenye ubavu mpana husimama likangoja, haidhuru mmeahidi kufika wapi.

Umeuliza choo kinakwenda wapi. Kuna tangi la choo, na lingine la maji ya sinki na bafu. Yakijaa, unaendesha hadi kituo cha kumwagia, unavaa glavu, unafunga bomba nene mpaka likaze, halafu unafungua tangi la choo kwanza. Likiisha ndipo unafungulia maji ya bafu, yapite yakisafisha bomba. Ukigeuza mpangilio huo, harufu itakufunza. Hii ndiyo kazi mkweo aliyonikabidhi bila mjadala, kwa hoja kwamba yeye anashinda na vyoo vya wagonjwa.

Lililotusumbua zaidi ya choo ni anwani. Nchi hii haijali ukihama kila wiki, lakini ole wako usiwe na anwani: leseni, bima, benki na kodi ya mapato vyote vinaidai. Wengi wa maisha haya hujiandikisha South Dakota. Unakodi sanduku la barua, unalala jimboni usiku mmoja, na risiti ya kulala inakusaidia kupata leseni. Kwa mzawa yanaishia hapo. Sisi wenye kadi ya kijani sheria inatutaka tuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 kila tunapohamisha makazi, kwa hiyo mkweo ana daftari la tarehe na makambi, na haliachi mbali na pasipoti.

Ile iliki na karafuu uliyotaka kututumia, usiitume kwanza. Sanduku ni la South Dakota, na wenye ofisi hutusambazia barua pale tunapowaambia tupo. Mkataba ujao ni New Mexico au Georgia. Ukisainiwa nitakupigia, ndipo uende posta.

Msalimie Bibi.