Sauti ya Baba ndani ya king'amuzi

KABLA hujamuuzia mwokota vyuma king'amuzi chako cha zamani, hebu nikusimulie yaliyotupata nyumbani kwetu Mutuini.

Chetu kilikuwa cha dishi, kile cha kulipiwa kila mwezi, chenye diski ya kurekodi vipindi. Baba alipoaga dunia mwaka wa 2019 malipo yalikoma, nacho kikabaki chini ya runinga, kimefunikwa kitambaa alichofuma mama. Habari tulizitazama kwa king'amuzi kingine kidogo cha antena kisicho na ada, mojawapo ya vile vilivyoenea Nairobi matangazo ya analogia yalipozimwa 2015. (Bila shaka unaikumbuka Februari ile: KTN, NTV, QTV na Citizen zilitoweka hewani zaidi ya wiki mbili, tukabaki kutazamana.)

Mwaka jana wezi walitubebea mtungi wa gesi. Ndugu yangu akanunua kamera za ulinzi, lakini mashine ya kurekodia iliuzwa bila diski.

"Ya mzee iko pale bure," akasema, bisibisi tayari mkononi.

Mama akaweka kikombe chini. "Baba yenu yumo mle."

Kumbe ni kweli. Mwaka wa 2016 baba alihojiwa katika kipindi kuhusu wafanyakazi wa zamani wa reli. Alizungumza dakika tatu hivi, naye mwenyewe akazirekodi. Picha zake tunazo tele, lakini katika picha zote amenyamaza.

Nilikipakia chombo kwenye matatu hadi Luthuli Avenue. Fundi mmoja alinieleza kwa upole kwamba diski ile ni kama ya kompyuta ya mezani, na tena inafaa sana kwa kamera kwa kuwa imeundwa kuandika picha mfululizo mchana na usiku. Ila vipindi vilivyomo vimefungwa kwa ufunguo wa king'amuzi chenyewe. Ukiichomeka kwenye kompyuta, itakuomba ruhusa ya kuisafisha tu. Ukikubali, kila kitu kimekwisha.

Basi nikalipia mwezi mmoja. Nilinung'unika, kwani kulipa ili kutazama kitu ambacho tayari kimo sebuleni mwako ni jambo la kukera. Lakini baada ya saa moja orodha ya vipindi ikafunguka: mpira, mpira, mpira, kisha reli.

Niliweka simu juu ya stuli, chini yake Biblia na vitabu vitatu vya shule, nikapiga picha ya kioo cha runinga. Si kazi ya kitaalamu. Kuna jogoo anayewika baba anapotaja stesheni ya Dagoretti, na mahali fulani mama anasikika akimjibu. Nilitaka kurudia ili tupate sauti safi. Mama akakataa.

Nilitengeneza nakala nne, moja kwa kila mtoto na moja ya mama, ndipo bisibisi ikafanya kazi. Nawe ukitaka kujaribu, chomoa waya wa umeme na usubiri kwanza, maana sehemu ya umeme ndani ya chombo hubaki na moto hata kikiwa kimezimwa. Mashine ya kamera iliisafisha diski yenyewe kwa dakika chache. Ndugu yangu alibonyeza kitufe. Mimi nilikuwa nimetoka nje.

Siku hizi mama hurekodi mahubiri kwa kile king'amuzi kidogo. Vingi vya aina hiyo vina tundu la USB, unachomeka flashi na kurekodi bila kulipa ada yoyote. Hata jirani yetu, aliyekuwa nacho tangu 2015, hakuwahi kulijua tundu hilo.

Limebaki dishi juu ya paa. Mama analitaka la kunyweshea kuku maji. Ndugu yangu anadai lina matundu ya misumari.